Tabia za Sungura, Kobayi na Wanyama Wadogo wa Nyumbani

Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa Kirolirwe



Leo sikuja kusema habari za ng'ombe. Najua kwamba hapa Masisi mtu akitaja mifugo, watu hufikiri ng'ombe tu, maana milima yenu ni ya majani na maziwa, na jibini ya Masisi hutafutwa sana katika masoko ya Goma. Lakini ninyi wenyewe mmeona mambo. Mwaka 1993 vita vilianza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, vikaingia Masisi. Vikaja vya 1996, vikaja vya 2007 na 2008, na mwezi wa kwanza wa mwaka 2023 vikafika Kitshanga na njia ya Sake, mkakimbia tena. Kila mara ng'ombe walikuwa wa kwanza kuchukuliwa. Ng'ombe huonekana toka mlima wa pili. Hakuna mtu awezaye kumficha chini ya kitanda.

Tena kuna mashimo. Vijana wengi wamekwenda Rubaya kutafuta koltani, wengine wamekwenda mbali mpaka Bisie kutafuta kasiteriti. Nyumbani wamebaki mama, wazee na watoto. Fedha ya shimo huja leo, na kesho imekwisha. Na mtoto wa nyumba ile anakula ugali na sombe, sombe na ugali, mpaka miguu inavimba na nywele zinageuka rangi. Ugonjwa huo mnaujua jina lake: bwaki. Mtoto aliyekwisha vimba apelekwe kwa mganga wa hospitali upesi, asingoje. Lakini yule ambaye bado hajavimba, afadhali apate nyama kidogo, mara kwa mara, toka nyumbani kwake mwenyewe.

Sungura wanne na kobayi kumi wanaweza kukaa nyuma ya jiko, na mtu apitaye njiani asijue. Wengi wenu mmekwisha jaribu. Na wengi mkaja kuniambia, "Mwalimu, sungura ni mnyama wa kufa bure." Mimi sikubali. Anakufa kwa sababu tunamfuga kama mbuzi mdogo, naye si mbuzi. Kila mnyama ana tabia ya jamii yake. Tena ndani ya jamii moja kila mmoja ana tabia yake mwenyewe, kama vile watoto wa mama mmoja walivyo: huyu mwoga, huyu mkali, huyu mpole. Mtu asiyejua tabia hizo atalisha vizuri, atajenga vizuri, na bado atazika.

Tuanze na sungura. Ninyi nyote mmesikia hadithi za Sungura mjanja, anayemdanganya fisi na tembo. Sungura wa hadithi ni wa porini, na huyo ni mwingine kabisa. Wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katika majani, na mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, hata upesi aweza kukimbia. Sungura wa kizimbani, babu zake walitoka Hispania na nchi zilizo karibu nayo huko Ulaya. Hao walikaa ndani ya mashimo, wengi pamoja. Mtoto wake huzaliwa uchi kama panya, kipofu, na macho hufunguka siku ya 10 au karibu nayo. Basi akili ya sungura huyu ni akili ya shimo. Kwake yeye, juu kuna tai na mbwa. Chini, gizani, ndipo penye amani. Yeye si mjanja hata kidogo. Ni mwoga, na woga wake ndio uliomweka hai tangu zamani.

Shikeni neno hilo, maana mambo mengi hutoka hapo. Mkimweka katika kizimba kilicho wazi pande zote, watoto wakipiga kelele, mbwa akinusa kwa chini, hatakula sawasawa. Mpeni pembe moja yenye giza, sanduku au kipande cha mbao kilichoegemea ukuta, mahali pa kuingiza kichwa chake. Tangu siku hiyo mtaona ameanza kunenepa, na majani ni yale yale.

Usiku mwingine mtamsikia anapiga ubao kwa mguu wa nyuma: tu! Anangoja. Tu! Watu husema amekasirika. Mara nyingi siyo hasira. Ndivyo anavyowaambia wenzake kwamba kuna hatari. Amkeni mkaangalie: labda ni panya, labda nyoka, labda mtu. Mimi nilikwisha amshwa hivyo usiku mmoja, nikakuta mbwa wa jirani amekwisha ng'oa mwanzi mmoja wa kizimba.

Akisugua kidevu chake juu ya mbao, hajikuni. Anatia harufu yake, ni kama kusema "hapa ni pangu". Akisaga meno polepole mkimpapasa kichwa, amefurahi. Lakini akisaga kwa nguvu, amejikunja, macho nusu, huyo anaumwa tumbo. Sauti kubwa hana, ila siku moja tu: akikamatwa na mnyama mkali au akiona kifo, hulia kwa sauti kama ya mtoto mchanga. Aliyeisikia mara moja haisahau.

Sasa kumshika. Msimwinue kwa masikio. Masikio si mkono wa kikapu. Tieni mkono mmoja chini ya kifua, na mkono wa pili chini ya matako, mkamweke karibu na tumbo lenu, kichwa chake kikijificha kwapani. Akiwa gizani hutulia. Miguu ya nyuma ikining'inia, hupiga teke kwa nguvu sana, na mifupa ya mgongo wake ni myepesi; yeye mwenyewe aweza kujivunja mgongo mikononi mwenu. Nimeona jike mzuri amekufa hivyo, na mtoto aliyemshika akapigwa bure, maana hakuna mtu aliyemfundisha.

Habari ya dume na jike ni ya lazima. Nilipoanza kufuga, nilichukua dume nikamwingiza katika kizimba cha jike. Asubuhi nikamkuta dume amejeruhiwa puani na manyoya yamejaa chini. Nikasema jike huyu ana wazimu, nikataka kumchinja. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kizimba kile ni nyumba ya jike, na jike hulinda nyumba yake. Ni jike apelekwe kwa dume, wala si dume kwa jike. Kule ugenini yeye hana la kulinda, na dume hupanda upesi. Kisha mrudisheni kwake. Na madume wawili waliokomaa msiwaweke pamoja hata kama walizaliwa tumbo moja. Watapigana, na huumana mahali pa uzazi.

Baada ya siku 31, pengine 30 au 32, jike huzaa. Kabla ya kuzaa hung'oa manyoya ya tumbo lake na kufanya kiota. Mpeni sanduku na majani makavu. Kisha, ninyi watoto sikieni vizuri: mwacheni. Msilete rafiki zenu kuja kuona. Jike akiogopa sana siku ile, aweza kuwakanyaga watoto wake, au kuwaacha, au hata kuwala. Si uchawi, wala si ukatili. Mtu wa nyumbani aliyezoeleka na afungue mara moja kwa siku, kwa mikono safi, aondoe aliyekufa, afunike tena.

Na jambo hili la kunyonyesha limeua watoto wengi kuliko ugonjwa. Mama sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, au mara mbili, dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri. Kisha hutoka na kukaa mbali. Huko porini akikaa karibu na watoto, harufu yake ingewaita wanyama wakali. Kwa hiyo upendo wake ni kukaa mbali. Mimi sikujua. Nilimtazama jike wangu mchana kutwa, sikumwona ananyonyesha. Nikasema amewakataa. Nikawatoa watoto saba, nikawapa maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Leo najua namna ya kupima: shikeni mtoto asubuhi, tazameni tumbo. Likiwa mviringo na limejaa, amenyonya, hata kama hamkuona kitu. Tumbo likiwa limekunjana na mtoto analialia, hapo ndipo kuna shida.

Wengine husema sungura wao ni mchafu kwa sababu anakula mavi yake. Ndivyo Mungu alivyomfanya. Yako mavi makavu ya mviringo, hayo huyaacha. Yako mengine laini, huyachukua moja kwa moja mwilini mwake na kuyameza, maana chakula kile hakijatoa nguvu zake zote. Mkimzuia atadhoofika.

Majani yenye maji ya mvua au umande humvimbisha tumbo, naye hawezi kutapika. Hapa kwenu mvua haikosi, kwa hiyo kateni majani jana, yanyauke chini ya paa, mpeni leo. Matembele ni mazuri, mabingobingo machanga ni mazuri. Majani ya viazi vya kizungu ni sumu, na ya nyanya, na ya avoka. Sombe mbichi msiwape. Sungura asiyekula tangu asubuhi mpaka jioni, msingoje kesho. Sakafu iwe ya mianzi yenye nafasi, mavi yaanguke chini. Baridi ya Kirolirwe haimwui, unyevu humwua.

Basi nije kwa kobayi, ambaye wengine humwita simbiliki. Huyu alitoka Amerika ya Kusini, katika milima mirefu ya Peru na Bolivia, na watu wa huko wamemfuga kwa nyama tangu miaka elfu nyingi. Milima ile ina baridi kama hii yenu, wakati mwingine kupita. Tabia yake si kama ya sungura. Sungura jike anapenda nyumba yake. Kobayi anapenda watu wake. Mkimweka mmoja peke yake atakula kidogo, atakaa pembeni, atakuwa kama mjane. Waweke wengi pamoja, dume mmoja na majike watano au zaidi kidogo. Madume wawili juu ya majike wale wale watapigana.

Sungura yuko kimya, kobayi ana maneno mengi. Mama akiingia jikoni na majani, husikia nyayo zake, wote hupiga filimbi: wii! wii! Wanamjua mwenye kuwalisha. Mgeni akiingia kwa hatua nyingine wananyamaza. Dume akizunguka jike hunguruma polepole huku anatikisa matako, na watoto hucheka sana. Akigonganisha meno, tata-tata-tata, huyo amekasirika, msitie mkono. Wakikauka wote kama mawe, hakuna anayetikisika, kuna kitu kimewaogopesha: paka, au panya mkubwa.

Hapandi wala haruki sana. Ukuta wa matofali au mbao ulio juu kama goti la mtu unamtosha. Kwa nini basi watoto wake hupotea kila usiku? Ni kwa sababu tunawaacha wazi jikoni chini ya kitanda na kando ya mafiga. Mtoto wa kobayi huzaliwa na manyoya na meno, macho wazi, na siku ile ile au ya pili ataonja majani. Hutembea upesi, huingia kila shimo, na panya wanamngoja. Wengine huungua motoni. Tengeni pembe moja, wekeni ukuta mfupi na majani makavu, na moshi usiwe mwingi.

Mimba yake ni ndefu, kama siku 68, na huzaa wawili au watatu au wanne. Kobayi ni kama mtu katika neno moja: mwili wake hauwezi kufanya vitamini C. Akikosa majani mabichi viungo huvimba, ufizi hutoa damu. Kwa hiyo msimpe makavu peke yake, hata wakati wa kiangazi.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ndilo lililonileta. Mama anataka kuuza kobayi sokoni, au mgeni amefika. Anaingia jikoni, anatia mkono. Nani anakamatwa? Ni yule asiyekimbia. Ni mpole, aliyezoea mkono, na mara nyingi ndiye mkubwa, maana asiye na hofu hula vizuri. Wanaobaki ni wale waliojificha nyuma ya mitungi: wadogo, wenye hofu, wakali. Hao ndio wanaozaa. Mwaka ujao mama analalamika kwamba kobayi wa siku hizi ni wadogo na hawashikiki. Lakini ni nani aliyewachagua? Ni mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1959, huko Siberia, mtaalamu mmoja wa Urusi, jina lake Dmitri Belyaev, alianza kufanya kinyume chake. Alichukua mbweha wa vizimbani waliofugwa kwa ajili ya ngozi zao, na kila kizazi akachagua wachache tu, wale wasioogopa wala kuuma mkono wa mtu. Hao ndio waliozalishwa. Haikupita miaka mingi, wakazaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakiona mtu na kulamba mikono yake kama mbwa. Mbweha ni mkali kuliko kobayi mara nyingi. Ikiwa mbweha aligeuka, kobayi wa Kirolirwe atashindwaje?

Fanyeni hivi. Jike mkubwa, mpole, aliyelea watoto wake wote, mkateni manyoya kidogo begani awe na alama, na mtu yeyote asimwuze, hata akija mgeni wa heshima. Vivyo hivyo kwa sungura: jike aliyekula watoto wake mara mbili bila kuogopeshwa, huyo wa sufuria. Jike mwenye kuuma mtu, watoto wake waliwe wote. Na dume asikae miaka na miaka mpaka apande binti zake na wajukuu zake. Watenge madume wadogo wa kobayi wakiwa na majuma matatu, na mkabadilishane dume na jirani wa mlima mwingine. Hakuna fedha inayotoka. Kobayi kwa kobayi.

Kuku mnawajua, sitakaa hapo. Jambo moja tu: kuku wana wakubwa na wadogo wao, huyu humdonoa yule, na yule humdonoa wa chini. Mkileta kuku mgeni mchana atapigwa na wote. Mwingizeni usiku wakiwa wamelala juu ya mti wao, asubuhi vita huwa vidogo. Paka naye ni rafiki wa ghala na adui wa mtoto wa kobayi, wala hamtaweza kumfundisha tofauti ya panya na kobayi mchanga. Wekeni waya au mianzi juu.

Kuna jambo lingine, si la furaha, lakini hapa kwenu ni lazima lisemwe. Siku ya kukimbia, nani atachukuliwa? Njiwa hatachukulika. Mkimbeba mpaka Sake na kumfungua, atarudi juu ya paa la nyumba yenu, hata kama paa limechomwa. Kuku huenda vizuri akiwa ndani ya kikapu. Sungura ni mgumu njiani: jua, kelele na kutikiswa humwua. Akichukuliwa, awe ndani ya kikapu chenye hewa kilichofunikwa kwa kitambaa, gizani, kila mmoja mahali pake, na mpumzike kivulini. Kobayi ndiye msafiri. Wanne au watano katika kikapu kimoja na majani mabichi, wakigusana, hukaa kimya. Majani yale ni chakula na maji yao.

Mama mmoja alinieleza kwamba mwaka 2023 alikimbia na mtoto mgongoni na kobayi watatu ndani ya mfuko wa unga: dume mmoja, majike wawili. Mbuzi wake sita walibaki. Katika kambi iliyokuwa karibu na Goma aliwaficha ndani ya sanduku, chini ya hema. Nilimwuliza, "Kwa nini hao watatu, na nyumbani ulikuwa na zaidi ya 20?" Akajibu, "Hao ndio waliokuja mkononi. Sikuwa na wakati wa kufukuza mwingine." Alipoondoka kambini mwaka 2025 walikuwa 11, bila kuhesabu wale walioliwa na watoto wake.

Nimeona mama wawili pale nyuma wanatikisa kichwa; nadhani wana lao la kusema, nami nitawasikia. Kwanza leteni kizimba kile cha mianzi hapa kivulini. Mtoto huyu wa kike mwenye nguo ya kijani aje anisaidie. Weka mkono wako chini ya kifua, hivi. Na mwingine nyuma. Usiogope, ngoja kwanza ajue harufu yako.